Kasoro Aliyoinyamazia Obwocha

Obwocha alikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Kisii, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemzidi. Gereji ilikuwa ya Manubhai, lakini madereva wa malori ya chai walipoharibikiwa hawakumwulizia Manubhai, walimwulizia Obwocha. Hakujua Kiingereza wala hakupitia chuo. Alijua kunusa. Angeinama juu ya injini, avute pumzi mara mbili, aseme, "Waya wa dainamo," na ukifunua unakuta ni waya wa dainamo kweli.

Mwaka wa 1972 Manubhai alimwajiri Momanyi, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka upande wa Nyamira, aliyekuwa amemaliza chuo cha ufundi Nairobi. Alikuja na cheti ndani ya bahasha ya kaki na kalamu tatu za rangi mfukoni mwa shati. Angekuwa na kiburi, mambo yangekuwa rahisi. Lakini Momanyi alikuwa na adabu. Alimwamkia Obwocha kwa mikono miwili, akamwita mzee, na kila Jumatatu alimletea ndizi mbivu kutoka kwa mama yake. Obwocha alizipeleka nyumbani. Mkewe Nyanchera alizisifu kwa utamu, na Obwocha akasema yeye hazipendi.

Mwezi wa nne hospitali moja ya misheni ilinunua karavani kuukuu kutoka kwa Mzungu mpimaji wa barabara aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati juu ya magurudumu mawili, rangi imebambuka, sakafu ya mbao, na waya za ndani zimeliwa na panya. Muuguzi wa hospitali hiyo, Sista Orpah, alitaka iwe kliniki ya akina mama na watoto, ivutwe na Landrova hadi Masimba, Kenyenya na kwenye vilima vya Nyamira, kwa wale ambao kufika hospitali kwao ni safari ya kutwa nzima. Waya zote ziwekwe upya, alisema: za taa nne, feni, pampu ya kuvuta maji kutoka kwenye pipa, na friji ndogo ya chanjo. Vyote vitumie betri ya volti kumi na mbili.

Jioni hiyo Obwocha alimwomba Nyanchera amfulie ovaroli. Hakuwa na shaka kazi ile ni yake.

Asubuhi Manubhai alimwita kando, kalamu sikioni. "Karavani atafanya Momanyi."

"Momanyi? Ana miezi mitatu hapa."

"Sista anataka mchoro wa waya zote, ili siku moja ikiharibika huko mbali, fundi yeyote asome aelewe. Wewe unaweza kuchora?"

"Naweza kufanya kazi, Bwana."

"Kazi najua. Nauliza mchoro."

Obwocha alirudi kwenye meza yake akiwa ndani ya ovaroli iliyonukia sabuni, akaanza kufungua staata ya lori.

Meza hiyo ilitazamana na uwanja ilipoegeshwa karavani. Kwa siku tisa Obwocha alifanya kazi shingo upande. Alimwona Momanyi akitandaza karatasi kubwa sakafuni na kuchora mistari kwa kalamu zake. Alimwona akivuta waya, nyembamba za taa, na mmoja mnene zaidi wa friji kwa sababu friji inakula umeme kama ng'ombe aliyefungiwa. Karibu na mlango alipigilia kibao chenye fyuzi nne zilizopangwa kama meno: ya taa ampea tano, ya feni tano, ya pampu kumi, ya friji kumi na tano. Chini ya kila fyuzi aliandika jina la kifaa kwa mkono mzuri.

Ilikuwa kazi safi. Hilo ndilo lililomtesa Obwocha. Ingekuwa mbovu angelala usingizi.

Siku ya saba Sista Orpah alikuja kuangalia. Alisimama mbele ya ule mchoro akafuata mstari mwekundu kwa kidole, kutoka kwenye betri hadi kwenye taa iliyo juu ya kitanda cha uchunguzi, kisha akacheka kwa furaha. "Kumbe hata mimi naweza kuelewa!" alisema. Obwocha alikuwa amemtengenezea gari lake mara nne. Hakuwahi kumsikia akicheka.

Nyumbani, Nyanchera aliuliza habari za karavani, maana mji mzima uliizungumzia. "Wanasema yule kijana ana akili," alisema huku akisonga ugali wa wimbi.

"Nani wanasema?"

"Watu, Baba Ombui. Sokoni."

"Watu wa sokoni wanajua nini kuhusu umeme?" Akasukuma sahani na kutoka nje, na Nyanchera akabaki na mwiko mkononi akishangaa amekosea wapi.

Siku ya tisa, Momanyi alimwendea mezani. "Mzee, naomba uniangalizie kabla sijaikabidhi. Macho yako yameona mengi."

Obwocha alitandika gunia, akalala chali chini ya karavani na tochi. Alianza mbele, kwenye sanduku la betri. Kutoka hapo ulitoka waya mmoja mnene, waya mkuu, uliopita chini ya sakafu yote hadi kwenye kibao cha fyuzi karibu na mlango. Katikati ya safari yake ulipenya tundu lililotobolewa kwenye fremu ya chuma. Aliuelekezea mwanga. Tundu halikuvishwa mpira. Ukingo wa chuma ulikuwa mtupu na mkali, na waya umeegemea juu yake.

Akarudisha tochi kwenye betri. Hapakuwa na fyuzi.

Alielewa mara moja. Zile fyuzi nne nzuri zililinda kila kitu kilichokuwa mbele yake. Waya huu mnene ulizitangulia, ukitoka kwenye betri, haukulindwa na chochote. Momanyi alikuwa amefuata mtindo wa magari mengi ya siku zile, lakini gari lina waya mfupi ulio mahali wazi. Huu ulikuwa mrefu, umefichwa chini ya mbao, na utatikiswa kwenye mawe ya barabara za Kisii. Siku ganda lake litakapolika na shaba kugusa fremu, umeme wote wa betri utamwagika hapo. Waya utageuka kuwa kaa la moto, na hakuna fyuzi itakayokatika.

Aliona viatu vya Momanyi pembeni ya gurudumu, vimesimama vikingoja.

"Umeona kasoro yoyote, mzee?"

Dawa yake ilikuwa kazi ya nusu saa: kipande cha mpira wa tyubu, na fyuzi moja kubwa shubiri moja kutoka kwenye betri. Ilikuwa ni kusema tu. Lakini Obwocha alikisikia tena akilini kile kicheko cha Sista Orpah. Alifikiria miaka kumi na tisa, na karatasi yenye rangi tatu. Mwenye mchoro si ndiye anayejua?

"Hakuna," alisema. "Ni kazi safi."

Momanyi alimpa mkono wa kumvuta atoke. Alikuwa akitabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Kliniki ilianza safari zake mwezi wa tano. Jumatatu Masimba, Jumatano Kenyenya, Alhamisi upande wa Nyamira. Akina mama walijipanga tangu umande haujakauka. Sabato moja mchungaji alimsimamisha Momanyi kanisani na kumshukuru mbele ya watu kwa "mwanga aliouleta kwenye nyumba ya magurudumu." Obwocha, aliyeketi benchi la tatu, alipiga makofi na wengine.

Alianza kungoja. Mwanzoni hakukiri hata moyoni kwamba anangoja. Kila Landrova ilipoingia mjini ikivuta karavani, aliinua uso kuangalia kama kuna kitu kimeungua. Hapakuwa na kitu. Mwezi wa sita ukapita, wa saba, wa nane, na taa zikawaka vilevile. Ndipo alipoanza kujishuku. Labda kijana alikuwa sahihi. Labda chuoni wanajua jambo asilolijua yeye, na miaka yake yote ilikuwa ya kubahatisha. Wazo hilo lilimuuma kuliko sifa zote za Momanyi, na siku moja, akiwa amepiga magoti kwenye sala, alijikuta anatamani moshi utokee, mdogo tu, wa kuthibitisha kwamba aliona sawasawa. Aliinuka kabla ya kusema amina.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, Manubhai alimtuma Masimba kurekebisha lori lililogoma kuwaka. Alimaliza kabla ya saa tano. Karavani ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja nyuma ya maduka, wanawake wamekaa majanini na watoto wao. Obwocha alibeba mfuko wake wa vifaa akazunguka upande wa pili, ambako hakukuwa na watu, akajilaza chini ya karavani na kujisogeza hadi kwenye lile tundu.

Shaba ilikuwa inang'aa.

Ganda lilikuwa limelika upande mmoja, urefu wa ukucha. Kati ya shaba na chuma ilibaki nafasi ya kupitisha jani la nyasi. Aliusukuma waya kando kwa kidole. Furaha aliyoisikia wakati huo ilimtia aibu hata kabla haijaisha: niliona sawasawa, mimi Obwocha, bila mchoro!

Kisha akawaza. Utepe wa kufungia waya ulikuwemo mfukoni. Akiufunga sasa, hakuna atakayejua, na sifa ya Momanyi itaendelea kung'aa, imeng'arishwa na mkono wake yeye. Akienda kumwambia Sista, ataulizwa: tangu lini unajua? Alilala pale akitazama chini ya sakafu, akisikia juu yake nyayo za akina mama na sauti ya Sista Orpah ikisoma uzito wa mtoto. Akaamua anywe chai kwanza, apate la kusema. Akauachia waya. Ukarudi kwenye ukingo wake.

Alikuwa hajamaliza nusu kikombe hotelini aliposikia mayowe.

Moshi mweusi ulikuwa unatoka chini ya karavani na kupitia mlangoni. Wanawake walikuwa wakisukumana kutoka. Obwocha alikimbia na mfuko wake hadi mbele, akafungua sanduku la betri. Nati ya kichwa cha betri ilikuwa imeganda kwa kutu ya asidi. Spana iliteleza mara mbili. Aliitupa, akachukua nyundo akagonga, kisha akaushika waya wenyewe kwa mkono mtupu akaung'oa. Ganda lililoyeyuka lilimganda kiganjani. Hakuuachia mpaka ulipotoka.

Moto ulikuwa umeanza kushika mbao za sakafu. Watu waliuzima kwa maji ya pipa na udongo. Sista Orpah alitoka wa mwisho, amekumbatia mtoto asiye wake, kitambaa cheupe cha kichwani kimekuwa cheusi.

Mama mmoja hakuinuka. Aliitwa Bathsheba, mjane aliyekuja na mjukuu wake. Alikuwa amemrushia mtu aliyekuwa nje yule mtoto, akaruka mwenyewe, na mguu ukavunjika chini ya goti. Hakulia. Aliutazama tu ulivyopinda, akauliza mtoto yuko wapi.

Jioni ile mji mzima ulimjua Obwocha aliyeng'oa moto kwa mkono wake. Sista Orpah alimfunga bendeji mwenyewe. "Nilikuona kupitia dirishani ukiingia chini ya karavani kabla ya moshi," alisema. "Ulisikia harufu, sivyo? Ukaenda kuangalia. Pua yako, Fundi, ni zawadi ya Mungu."

Sista alikuwa amemtengenezea uongo tayari, wa kuuvaa tu. Obwocha akainamisha kichwa, na Sista akadhani ni unyenyekevu.

Manubhai hakumpigia Momanyi kelele. Alimwambia achukue kalamu zake aende nyumbani. Momanyi alisimama mlangoni mwa gereji. "Mzee," alimwambia Obwocha, "asante kwa kuwaokoa." Na Obwocha akapata kila alichokitamani. Sabato ile alisimamishwa yeye kanisani. Manubhai alimkabidhi karavani iliyoungua. Nyanchera alimkatia nyama kwa sababu ya mkono. Ajabu ni kwamba chakula hakikuwa na ladha.

Wiki iliyofuata Manubhai alimwita ofisini. Sista Orpah alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni. Mezani palikuwa na barua iliyopigwa taipu.

"Misheni wanataka maelezo," Manubhai alisema. "Yatapelekwa kwa wanaotoa leseni za mafundi wa umeme, ili huyu kijana asije akaunguza watu wengine. Hapa inasema fundi mkuu wa gereji hakuonyeshwa kazi kabla ya kukabidhiwa. Weka sahihi."

Alimsogezea kalamu. Obwocha aliishika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado ndani ya bendeji. Kuandika jina lake alijua. Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, na hapo mkono ukakataa.

"Nilionyeshwa," alisema.

"Nini?"

"Kazi. Alinionyesha. Nililala chini ya karavani hii hapa uwanjani, nikaona waya mkuu hauna fyuzi na tundu halina mpira. Aliniuliza kama kuna kasoro. Nikamwambia hakuna."

Sista Orpah aligeuka polepole. "Hukuiona vizuri?"

"Niliiona vizuri, Sista. Na kule Masimba sikusikia harufu yoyote. Nilikwenda kuangalia kama imelika. Nikakuta imelika. Nikaenda kunywa chai."

Manubhai alivua miwani. "Kwa nini?" alisema. "Miaka kumi na tisa, Obwocha. Kwa nini?"

"Ulimpa yeye kazi yangu."

Sista Orpah alisimama. "Bathsheba yuko wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba," alisema. "Wanawake kumi na wawili walikuwa mle ndani na watoto wao. Na wewe unasema kazi." Akaichukua ile barua, akaichana, akatoka bila kuaga.

Kesho yake Obwocha alikwenda Nyamira. Alimkuta Momanyi katikati ya majani ya chai ya mama yake, kikapu mgongoni, akichuma polepole kama mtu aliyesahau kazi ya nyumbani. Walisimama, mistari miwili ya chai kati yao, na Obwocha akamwambia yote. Hakuacha hata kile kikombe cha chai.

Momanyi aliendelea kuchuma. Alichuma mpaka akafika mwisho wa mstari, akageuka.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikulisha ndizi za mama yangu, mzee."

"Ndiyo."

"Basi ungenichukia waziwazi. Ungenikataza kukusalimia. Ningejua."

Momanyi alikitua kikapu chini. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia. "Tundu nililitoboa mimi. Mpira nilisahau mimi. Siwezi kukubebesha yote. Ule mguu wa yule mama ni wetu sote wawili." Kisha ufundi ukaishinda hasira yake. "Wewe fyuzi ungeiweka wapi?"

"Karibu kabisa na betri. Shubiri moja, isizidi. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Kwa hiyo inakaa pale waya unapoanzia."

Momanyi aliinama, akavunja kijiti, akachora kwenye udongo betri, fremu, kibao. Akaweka alama mahali pa fyuzi mpya, akaitazama. "Kubwa kiasi gani?"

"Ampea thelathini na tano zingetosha kwa waya ule."

Mama yake Momanyi, asiyejua lolote, aliwaita kula. Walikula mboga na ugali, na yule mama alimwongezea mgeni mara mbili kwa sababu ya mkono wake mgonjwa.

Momanyi alikataa kurudi kazini kwa Manubhai. Manubhai alimpelekea ujumbe mara mbili, na Sista Orpah alimwendea mwenyewe. Momanyi akasema misheni wampe tu nafasi ya kurekebisha alichoharibu. Wakampa. Kwa wiki mbili za mwezi wa kumi na mbili yeye na Obwocha walifanya kazi pamoja uwanjani, wakasema maneno ya kazi tu: nipe plaisi, shika hapa, kaza. Mchoro mpya aliuchora Momanyi. Kila tundu lilivishwa mpira.

Obwocha hakufukuzwa, lakini hakuitwa tena fundi mkuu. Msimu wa kulima ulipofika alikwenda kila Jumapili kulima shamba la Bathsheba, aliyekuwa sasa anatembea kwa fimbo. Mara ya kwanza yule mjane alimtazama kutoka mlangoni bila kumkaribisha. Mara ya tano alimpa uji. Sista Orpah aliendelea kumletea gari lake na kumsalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa posta.

Miaka miwili baadaye habari zilifika kwamba Momanyi amekuwa mkuu wa mafundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha chai, na amepewa nyumba ya matofali. Obwocha alipozisikia, kitu kile kile kilimshika chini ya mbavu, kikamnyonga kama zamani. Alikaa nacho siku nzima. Jioni alimwambia Nyanchera bila kuficha kwamba ana wivu, na kwamba hautaki kuisha.

"Basi utafanyaje?" mkewe akauliza.

"Nitakwenda kumpongeza."

"Na wivu wako?"

"Nao utakuja," alisema, na akamwomba amtafutie shati safi.